Mtoto aliyefungwa plasta kutoka kifuani hadi mguuni: namna ya kumtunza nyumbani

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka mitatu, kilo 13. Alianguka kwenye ngazi akavunjika mfupa wa paja la kulia. Juzi amefungwa hogo (POP) kuanzia chini ya kifua, mguu wa kulia wote hadi karibu na vidole, na wa kushoto hadi juu ya goti. Katikati ya miguu kuna kijiti kilichounganishwa. Jana tuliruhusiwa. Usiku analia na kushtuka, mkojo unaingia ndani ya plasta maana amerudi kujikojolea, na anataka akunwe. Bibi yake anasema tupitishe mpini wa mwiko. Halafu kwenye picha ya eksirei niliona mifupa imepishana, haikukutana. Tutamtunzaje wiki sita hizi? Mguu utakuwa mfupi? Na akifunguliwa, tumkande? (Mama, Morogoro)

JIBU: Pole sana mama, na mpe pole mtoto. Nianze na jambo ambalo huenda likakushangaza: mfupa wenyewe ndio wa kukuhangaisha kidogo kuliko vyote. Kwa mtoto wa miaka mitatu, mfupa wa paja ukitulizwa huunga, na plasta imeshafanya kazi ya kuutuliza. Kinachowarudisha watoto wa namna hii hospitalini kabla ya siku yao ni damu isiyofika vizuri vidoleni, ngozi inayochunika chini ya plasta, mkojo, na tumbo. Hizo ndizo kazi zako, na karibu zote zinafanyika kwa macho, pua na viganja.

Vidole kwanza

Paja lililovunjika huvimba, na uvimbe huwa mkubwa zaidi ndani ya siku mbili au tatu za mwanzo. Plasta haitanuki. Uvimbe ukikosa pa kwenda hubana misuli na mishipa kwa ndani, damu inapungua, na misuli ikikosa damu kwa saa kama sita huanza kufa. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann alilieleza jambo hili mwaka 1881, alipoandika juu ya viungo vilivyopooza na kukunjamana baada ya kufungwa kwa kubanwa. Ndiyo sababu nesi hospitalini alikuwa anakuja kila mara kushika vidole vya mwanao. Sasa zamu hiyo ni yako: kila saa mbili mchana, na usiku usipitishe saa nne bila kuangalia, mpaka siku ya nne tangu afungwe. Baada ya hapo asubuhi, mchana na jioni inatosha.

Bahati nzuri mguu wake wa kushoto uko wazi kuanzia goti kushuka, kwa hiyo una cha kulinganishia. Shika vidole vya miguu yote miwili kwa wakati mmoja. Vikiwa baridi vyote, huenda ni chumba tu. Vya kulia vikiwa baridi peke yake, hilo ni jambo la kushughulikia. Kwa ngozi yetu nyeusi rangi haionekani vizuri mgongoni mwa mguu, hivyo angalia kucha na nyayo. Bonyeza ukucha wa kidole gumba hadi upauke, uachie: wekundu urudi ndani ya sekunde mbili. Ikifika ya tatu na bado umepauka, rudia. Ukipata jibu lilelile, ondokeni. Kisha mfanyie mchezo achezeshe vidole vya miguu yote miwili, na umguse kwa ncha ya unyoya au kitambaa uone kama anahisi.

Dalili kubwa kuliko zote ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa yanayopanda licha ya dawa. Mtoto wa miaka mitatu hatakwambia «panabana». Atahangaika, atakataa kubembelezwa, atataka dawa kabla ya saa yake, na ukimnyooshea kidole cha mguu taratibu kwenda juu atapiga ukelele. Ukiona hivyo usisubiri vidole viwe vyeusi wala ganzi iingie, maana hizo hutokea wakati muda umeshapita. Nendeni hospitali usiku huohuo. Huko plasta itapasuliwa ili kutoa nafasi, kazi ya dakika chache. Njiani mguu uwe usawa wa moyo, usiinuliwe juu sana, kwani kuinua kunapunguza zaidi damu inayoufikia.

Vidole vilivyovimba kidogo tu, vyenye joto na vinavyocheza, ni habari nyingine. Inua miguu juu ya mito kwa saa moja. Uvimbe ukipungua, endelea kuangalia. Usipopungua, nendeni.

Kulia usiku

Kushtuka anaposinzia kwa siku hizi za mwanzo kwa kawaida ni misuli ya paja kukaza ghafla. Misuli hiyo ni mikubwa, na mfupa uliokuwa ukiishikilia umekatika, basi mtoto akilegea kwa usingizi inaruka na kuvuta sehemu iliyovunjika. Huchukua wiki moja hivi kisha hutulia, mfupa unapoanza kushikana. Weka kiganja juu ya plasta, ongea naye kwa sauti ya chini, na hakikisha dawa ya maumivu haijakatika usiku. Kosa la kawaida ni kumpa dawa anapolia tu. Kwa siku tatu hadi tano za kwanza mpe kwa saa, hata akiwa ametulia.

Parasetamo ya maji inayouzwa zaidi kwetu ina miligramu 120 katika mililita 5. Soma chupa yako kwanza. Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo, hivyo kilo 13 ni kama mililita 8, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa saa 24. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe kilichokuja na dawa, kwa sababu vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Na angalizo ambalo wengi hulisahau: uzito wa kupimia dawa ni ule wa kabla ya plasta. Mtoto akipimwa na plasta yake mzani utaonyesha kilo ambazo si zake, na dozi itazidi.

Hiyo ikiwa haitoshi, ibuprofeni ya miligramu 100 katika mililita 5 inaweza kuongezwa: mililita 5 kila baada ya saa nane, akiwa ameshakula. Usimpe ikiwa anatapika, anaharisha, hanywi vizuri, ana ugonjwa wa figo au pumu inayochochewa na dawa hizo, wala wakati ana homa inayoshukiwa kuwa dengi. Aspirini asipewe kabisa. Na vile vidonge vya diklofenaki au tramadoli vya watu wazima vilivyobaki kabatini, hata ukivikata vipande vinne, si dawa zake.

Plasta bado haijakauka

Plasta ya jasi hushikana ndani ya dakika chache, na joto alilolihisi mtoto wakati wa kufungwa ni jasi ikikutana na maji. Kukauka kabisa ni jambo jingine. Plasta nene kama hii huchukua saa 48 hadi 72, na wakati wa mvua huzidi hapo. Ikiwa bado mbichi ni nzito, ya baridi, ina rangi ya kijivu, na ukiigonga inatoa sauti nzito. Ikikauka huwa nyeupe, nyepesi, inayolia.

Mpaka ikauke, ishikeni kwa viganja vilivyofunguliwa. Alama ya kidole kwenye plasta mbichi huwa kinundu kwa ndani, na kinundu hicho baada ya siku kumi ni kidonda. Godoro liwe gumu, lisibonyee katikati, vinginevyo plasta itapasuka kinenani. Mito iwekwe chini ya kila mkunjo: kiunoni, chini ya magoti, chini ya kifundo cha mguu, na kisigino kining'inie hewani. Kwa siku hizi msitandike nailoni chini yake, hufungia unyevu. Feni inayopuliza chumbani ni nzuri. Jiko la mkaa halifai kabisa: linakausha juu na kuacha ndani mbichi, linaweza kumuunguza mtoto asiyeweza kusogea, na moshi wake usioonekana unaua katika chumba kilichofungwa. Jua kali nalo lina tabia hiyo ya kukausha ganda la juu tu.

Mkojo

Hapa ndipo kazi ya kila siku ilipo, na hapa nitakaa kidogo.

Mkojo hufuata mteremko. Mtoto akilala sawasawa, au makalio yakiwa juu kuliko mabega, mkojo hupanda mgongoni ndani ya plasta, pamba ya ndani inaunywa, na hakuna namna ya kuifikia. Kwa hiyo mwili wote uwe na mteremko, kichwa juu na makalio chini. Namna rahisi ni kuweka tofali chini ya miguu ya kitanda ya upande wa kichwani, kimo cha sentimita 10 hadi 15, kitanda kikiwa kimeegemea ukuta ili kisiteleze. Kumwekea mito mabegani peke yake haitoshi, kwa sababu plasta haipindi: atainuka shingo, na ukingo wa juu utamchoma mbavuni. Ukitumia mito, ianzie mabegani ishuke ikipungua hadi kiunoni.

Usimkaripie kwa kurudi kujikojolea. Kwa mtoto wa umri huo aliyeumia ni kawaida, na akishapona ataacha tena. Mchana mzoesheni chupa. Mtoto wa kiume hukojoa vizuri kwenye chupa pana mdomo, akiwa amelazwa kiubavu kidogo. Kwa haja kubwa tumieni beseni la kitandani lililo bapa, mgongo wake ukitegemezwa kwa mto wa kimo kilekile. Kabla ya kumweka, chomeka kipande cha nailoni safi chini ya ukingo wa nyuma wa plasta kikining'inia ndani ya beseni, kiwe kama mfereji. Akimaliza kitoe.

Usiku ni pampasi mbili. Ya kwanza iwe ndogo kuliko saizi yake. Kata masikio yake ya kubandikia, weka pedi ndani yake, kisha ichomeke chini ya kingo za plasta mbele na nyuma, taratibu, isijikunje. Ya pili iwe kubwa, ipite juu ya plasta kwa nje na kuishikilia ile ya ndani. Wengi huivalisha pampasi moja kubwa juu ya plasta wakadhani wamemaliza. Hiyo haizuii kitu: mkojo unakuwa umeshaingia ndani kabla ya kuifikia. Badilisha kila saa mbili mchana na kila saa tatu au nne usiku. Akipata choo, badilisha papo hapo, ukifuta kuelekea nyuma.

Plasta ikishakauka, kingo zinazozunguka sehemu za siri zifunikwe. Chukua utepe wa kubandikia bandeji usiopenya maji, upana sentimita 5, ukate vipande vya sentimita 8 hadi 10, na uviringe ncha moja ya kila kipande kwa mkasi. Ncha ya mviringo iingie ndani ya ukingo sentimita mbili au tatu, iliyobaki ikunjwe kwa nje. Kila kipande kifunike nusu ya mwenzake. Ncha yenye pembe ndiyo hunyanyuka na kumkwaruza, ndiyo maana ya kuiviringa. Vikianza kulegea, bandua na kubandika vingine. Msirundike vipya juu ya vilivyooza kwa mkojo.

Plasta ikilowa kidogo kwa nje, futa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, acha wazi feni iipulizie. Ikilowa hadi ikawa laini, hasa kinenani au nyuma ya kiuno, rudini hospitali; plasta laini haishiki mfupa.

Na tafadhali msimpunguzie maji ili akojoe kidogo. Nyumba nyingi hufanya hivyo kwa nia njema, kisha mkojo unakuwa mzito, wenye kuchoma ngozi, na choo kinakuwa kigumu. Mtoto wa kilo 13 anahitaji vitu vya majimaji kama lita moja na robo kasoro kidogo kwa siku, ukihesabu maji, uji na maziwa. Mpe kwa wingi mchana, punguza saa mbili kabla ya kulala.

Ngozi, kuwashwa na ule mpini wa mwiko

Mwambie bibi kwa heshima zote kwamba mwiko ubaki jikoni. Ngozi iliyofungwa kwa joto huwa laini, mpini huichubua bila mtoto kuhisi vizuri, bakteria wanaingia, na mnakuja kugundua kwa harufu wiki mbili baadaye. Mara nyingine pia mpini husukuma pamba ya ndani ikajikusanya, ikawa kinundu cha kumbana hadi siku ya mwisho. Unga wa talkamu hugandamana na jasho na kuwa kama mchanga. Mafuta ya nazi hulowesha pamba. Kinachosaidia ni hewa ya baridi: feni ikipuliza kwenye uwazi wa kifuani, au mashine ya kukaushia nywele iliyowekwa kwenye baridi, kamwe si moto. Kugonga plasta kwa vidole juu ya mahali panapowasha pia huwatuliza watoto. Kuwashwa kukizidi asilale, daktari anaweza kumwandikia dawa ya mzio.

Asubuhi na jioni chukua tochi. Angalia ngozi yote inayozunguka kingo: chini ya mbavu, kinenani, juu ya makalio, juu ya goti la kushoto, kwenye vidole vya kulia. Ingiza kidole ndani ya ukingo uhisi kama kuna unyevu au mikwaruzo. Kisha weka pua. Plasta ya mtoto haitanukia vizuri, hilo tulikubali, lakini harufu ya mkojo na harufu ya kidonda kinachooza si moja, na ukinusa kila siku utaitambua siku inapobadilika. Pitisha kiganja juu ya plasta nzima: mahali pamoja penye joto kuliko pengine, hasa kisiginoni au nyuma ya kiuno, ni dalili ya kidonda chini yake. Doa la kahawia linalojitokeza na kupanuka ni hivyohivyo. Na ile siku mtoto aliyekuwa akilalamika kisigino anapoacha ghafla kulalamika, msishangilie haraka. Ngozi iliyokufa haiumi. Mpelekeni, watamkatia kidirisha kwenye plasta waangalie.

Homa ikimpata, apimwe malaria kama mtoto mwingine yeyote, lakini kipimo kikionyesha hana, msiishie hapo. Mwambieni anayempima kuwa mtoto yuko kwenye plasta, aangalie mkojo na anuse plasta. Kinyume chake pia ni kweli: mtoto wa plasta huugua malaria, na si kila homa inatoka chini ya jasi.

Vitu vidogo navyo vina mvuto wa ajabu kwa uwazi wa kifuani: karanga, shanga, shilingi, punje za mahindi. Wakati wa kula mfunike kwa fulana inayombana juu ya ukingo, kisha kitambaa cha shingoni. Makombo huita sisimizi, na sisimizi ndani ya plasta ni usiku mmoja wa mateso. Kitu kigumu kikidumbukia, msikichokonoe; rudini kliniki, wakitoe wao.

Kumgeuza

Kila saa mbili mchana, kila saa nne usiku: chali, ubavu wa kushoto, kifudifudi. Kugeuza ndiyo dawa ya vidonda vya mgandamizo, haina mbadala. Kijiti kilicho katikati ya miguu si mpini. Kimewekwa ili kuzuia miguu isisogeane; mkimnyanyulia kwa hicho kinang'oka na plasta inapasuka kinenani.

Mwe wawili. Mvuteni kwanza hadi ukingo wa kitanda ulio upande wake wa kulia, ili akigeuka atue katikati. Mkono wake wa kushoto unyooshwe juu ya kichwa usibaki chini ya plasta. Mmoja asimame kuliani, aweke kiganja kimoja chini ya bega na kingine chini ya paja la kulia. Mwingine asimame kushotoni kumpokea. Mhesabu pamoja, mmwinue na kumviringisha kuelekea kushoto kwa mara moja, mwili wote kwa pamoja. Akiwa kifudifudi, mto uwe chini ya kifua, na miguu ipite ukingo wa godoro ili vidole visigandamizwe. Watoto wengi hukipenda kifudifudi baada ya siku mbili tatu, kwani wanaweza kuchora na kuchezea vitu sakafuni. Mchana mtandikieni mkeka na godoro jembamba chini, kivulini. Msimwache peke yake kwenye kitanda kirefu mkidhani hawezi kusogea. Anaweza, na akianguka na uzito ule hujiumiza vibaya.

Chakula na tumbo

Plasta inazunguka tumbo lililojaa na tumbo tupu kwa kipimo kilekile. Mpe kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, akiwa ameinuliwa, na abaki ameinuliwa nusu saa baada ya kula. Asilishwe akiwa chali kabisa, atapaliwa. Baada ya mlo vidole viwili vilivyolala vipite kati ya plasta na tumbo. Visipopita, daktari aikate nafasi hapo.

Akianza kutapika mara kwa mara, hasa matapishi ya kijani, tumbo likivimba na kukaza, acheni kumlisha na mmpeleke hospitali haraka. Plasta ya kiunoni inaweza kusababisha utumbo wa mwanzo kubanwa na mshipa mkubwa wa damu ulio mbele yake, na dawa ya kutapika ya dukani haitatui hilo.

Choo kigumu ni cha karibu kila mtoto asiyetembea. Papai, embe, mchicha, maharage yaliyopondwa, na yale maji niliyoyataja. Siku tatu zikipita bila choo, ulizeni kituo cha afya dawa ya kulainisha. Kwa kuunga mfupa mpeni maziwa, mayai, samaki, dagaa waliosagwa kwenye uji. Supu ya kongoro na ya mifupa ni chakula kizuri, wala siwakatazi, ila mfupa ukichemshwa hautoi kalsiamu nyingi kama watu wanavyodhani. Kikombe cha maziwa kinaishinda.

Safari ya kliniki ya wiki ya kwanza msiikose, hata mtoto akiwa mchangamfu. Uvimbe ukipungua plasta hulegea, na mfupa unaweza kupinda ndani yake bila mtu kujua ila kwa eksirei. Ukipindia wiki ya kwanza au ya pili hurekebishika kwa urahisi. Ukipindia wiki ya tano umeshashikana. Bodaboda haifai kwa safari hiyo, na bajaji miguu iliyotanuliwa haitapita vizuri. Tafuteni gari lenye kiti cha nyuma kipana, mpimeni kwanza kwa kamba upana wa magoti na upana wa mlango kabla ya kumtoa ndani.

Mifupa iliyopishana

Ulichokiona kwenye picha kwa kawaida si uzembe. Mfupa wa paja wa mtoto wa kati ya miaka 2 na 10 ukivunjika, damu nyingi huja mahali hapo kuunga, na damu hiyo huuchochea mfupa urefuke kuliko ule wa upande wa pili, mara nyingi kwa sentimita moja hivi na wakati mwingine hadi mbili. Daktari akiziunganisha ncha kwa ncha sawasawa, mguu huo unaweza kuishia kuwa mrefu kuliko mwenzake. Kwa hiyo mpishano wa sentimita moja hadi mbili huachwa kwa makusudi kwa umri huu, na mguu hujifidia ndani ya mwaka mmoja au miwili. Siku ya kliniki muulize daktari mpishano wa mwanao ni sentimita ngapi na umepinda nyuzi ngapi. Ni haki yako kujua, na andika jibu.

Akifunguliwa

Wiki sita ni makadirio. Eksirei ndiyo itakayosema, kwa umri wake mara nyingi ni kati ya wiki nne na sita. Msiiloweke wala kuikata wenyewe. Msumeno wa hospitali unatisha kwa kelele, lakini meno yake hayazunguki, yanatikisika tu kwenda na kurudi, ndiyo maana hukata kitu kigumu na kuiacha ngozi inayoyumba pamoja nayo. Mwambieni mtoto mapema kuwa utapiga kelele na atahisi joto kidogo.

Chini mtakuta ngozi ya magamba, nywele zilizoongezeka na mguu uliokonda. Osheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini bila kusugua, pakeni mafuta, magamba yatoke yenyewe kwa siku kadhaa.

Kuhusu kukanda: hapana. Goti litakuwa limekakamaa na paja litauma akiguswa, na mkandaji hodari huweza kuuvunja tena mfupa ambao bado ni mchanga, au kumwachia michubuko ndani ya misuli. Mtoto wa miaka mitatu hahitaji kulazimishwa. Mwekeni sakafuni na vitu anavyovipenda hatua moja mbali naye. Atatambaa, atajivuta kwa kushika kiti, kisha atasimama, na wengi hutembea wenyewe ndani ya wiki chache. Atachechemea kwa miezi kadhaa na mguu unaweza kuelekea nje kidogo. Hilo litarekebishwa na kucheza kwake. Kuruka kutoka juu na kupanda ngazi bila kushikwa kusubiri hadi daktari aruhusu. Akikataa kabisa kukanyaga baada ya wiki tatu, au maumivu ya paja yakirudi baada ya kutoweka, apigwe eksirei tena.